Payoff kwa Kiswahili: jibu kwa mfasiri wa Sinza

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfasiri ninayejitegemea, ninaishi Sinza. Wiki hii nimepokea kazi tatu, na zote zina neno la Kiingereza payoff. Ya kwanza ni barua ya benki kwa mteja mwenye mkopo, ya pili ni habari ya gazeti la Uingereza kuhusu mkurugenzi aliyeondoka kazini, na ya tatu ni somo la uchumi la mwaka wa kwanza lenye jedwali la wauzaji wawili wanaoshindana. Niliandika "malipo" kote, na mteja wangu amenirudishia kazi yote akisema haieleweki. Neno hili lina maana ngapi, na nitumie maneno gani ya Kiswahili?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mteja wako alikuwa na haki ya kuirudisha kazi, ingawa kosa lenyewe ni la kawaida, na nimelikuta hata kwa watu waliofanya kazi hii kwa miaka mingi. Neno "malipo" linatuambia tu kwamba fedha imetoka mkono mmoja kwenda mwingine, au kwamba inapaswa kutoka. Payoff inasema zaidi ya hapo, kwa kuwa ndani yake kuna hesabu iliyokuwa wazi ambayo sasa inafungwa. Uzito huo umebebwa na kipande cha mwisho, off, ambacho Waingereza hukiweka baada ya vitenzi vingi kuonyesha kwamba jambo limekatika na halidai tena. Kiswahili hupata maana hiyo kwa kitenzi "kumaliza": mtu hulipa kidogo kidogo, kisha siku moja humaliza, na watu wawili waliokuwa wakidaiana husema kwamba wamemalizana.

Asili ya neno pay nayo inasaidia. Liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale kutoka katika kitenzi cha Kilatini pacare, chenye maana ya kutuliza au kusuluhisha, ambacho kimetokana na pax, yaani amani. Anayedai akilipwa hutulia. Ukilishika hilo utaona kwa nini neno hilohilo linaweza kumhusu mkopeshaji anayesubiri fedha yake, mfanyakazi anayeagwa, na mtu anayejua siri ambaye wenye siri wanataka anyamaze. Kwa hiyo kila unapokutana na payoff, kabla hujafungua kamusi, jiulize ni hesabu gani inayofungwa, ni kati ya nani na nani, na je, ni hesabu ya halali.

Tuanze na barua ya benki, kwa sababu hapo tafsiri mbaya humgharimu mtu fedha. Kiasi kinachoitwa payoff katika barua ya mkopo si salio. Salio ni sehemu ya mkopo ambayo bado haijalipwa kama inavyoonekana siku taarifa inapotolewa, lakini riba inaendelea kuhesabiwa kila siku mpaka fedha ifike. Kiasi cha kumaliza mkopo hujumlisha salio, riba itakayokuwa imekusanyika hadi tarehe iliyotajwa, na pengine ada ya kulipa kabla ya wakati kama mkataba unaitaka. Ndiyo maana barua ya namna hiyo huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tuseme salio ni shilingi 4,000,000, riba ni asilimia 18 kwa mwaka, na mteja atalipa baada ya siku 20. Riba ya siku moja ni takriban shilingi 1,972.60, hivyo siku hizo 20 zinaongeza shilingi 39,452, na kiasi cha kumaliza mkopo kinakuwa shilingi 4,039,452 hata kabla ya ada yoyote.

Nalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kulikosea mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilitafsiri fomu za chama kimoja cha akiba na mikopo, na mahali palipostahili "kiasi cha kumaliza mkopo" niliandika "salio la mwisho". Mwanachama mmoja, mama aliyekuwa akiuza samaki Feri, alisoma fomu yake vizuri, akaleta fedha kamili kama ilivyoandikwa kwenye salio, akaondoka akiamini amemaliza. Mkopo wake ukabaki wazi kwa riba ya siku chache, na hati ya kiwanja alichokuwa ameweka dhamana haikuachiliwa mpaka alipoitwa tena kuongeza fedha ambazo hakuzitarajia. Alikuwa amesoma sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika neno fupi pale ambapo maelezo kamili yanahitajika.

Maana hii haina ugeni wowote jijini kwetu. Waendesha bodaboda wanaoendesha kwa mkataba wanaijua kuliko wafasiri. Kijana hupewa pikipiki na tajiri, hupeleka hesabu kila siku au kila wiki kwa muda waliokubaliana, na hesabu ya mwisho ikishapokelewa pikipiki inakuwa yake. Mwingereza angetumia pay off kwa tukio hilo, na pale kijiweni wanasema "amemaliza mkataba". Andika hivyo, au "amemaliza deni", wala usibuni kitu kingine.

Kazi yako ya pili, ile ya mkurugenzi, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Katika magazeti ya Uingereza, payoff ya kiongozi anayeondoka kwa kawaida ni fedha anayolipwa na mwajiri wake ili mkataba uvunjwe kwa makubaliano, na wasomaji huilalamikia kwa ukubwa wake, si kwa kuwa ni haramu. Katika habari nyingine, hasa za Marekani zinazohusu siasa na polisi, neno hilohilo huwa ni rushwa, au fedha ya kumziba mtu mdomo. Herufi hazibadiliki hata moja, lakini mtu wa kwanza amelipwa haki yake na wa pili ametenda jinai. Ukiandika "rushwa" katika habari ya kwanza umemsingizia mtu kosa la jinai kwa jina lake, na huwezi kujitetea kwamba kamusi ndiyo iliyokuruhusu.

Neno linalofaa kwa mkurugenzi wako ni "kiinua mgongo", au kwa tahadhari zaidi "malipo ya kuvunja mkataba" endapo habari inaonyesha kwamba fedha hiyo ilipatikana kwa mapatano. Hapa kwetu kiinua mgongo kina sura yake ya kisheria, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi anayestahili, pale ajira inapositishwa, angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi mfululizo, hadi kikomo cha miaka 10. Kinachoitwa payoff katika gazeti la Uingereza mara nyingi huwa juu ya kile ambacho sheria inalazimisha, kwa hiyo usimfanye msomaji wa Dar es Salaam afikiri kwamba kiasi hicho kilipangwa na sheria. Neno moja la ufafanuzi, kwa mfano "kiinua mgongo walichokubaliana", linatosha.

Na pale ambapo kweli ni rushwa, Kiswahili hakina upungufu wa maneno; kazi ni kuchagua. "Rushwa", tuliyoipata kutoka Kiarabu, ndilo neno la sheria na la taasisi: ndilo lililomo katika jina la TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, na katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. "Mlungula" lina ladha ya gazeti na hotuba. "Chai" ni ya mtaani, na mfasiri huiandika tu pale ambapo Kiingereza chenyewe kinanukuu maneno ya mtaani. "Hongo" ndilo lenye historia ninayotaka uijue. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitoa hongo ya nguo, shanga na waya kwa watawala wa njiani, hasa katika nchi ya Ugogo, na hongo hiyo ilikuwa ushuru wa kupita uliodaiwa na kujadiliwa waziwazi, bila mtu kuona aibu. Baada ya muda neno likahama, likawa la fedha inayotolewa kwa siri. Neno "takrima" nalo lilitikisika mbele ya macho yetu: maana yake ya asili ni ukarimu kwa wageni, likaingizwa katika sheria ya uchaguzi kuhalalisha ukarimu wa wagombea kwa wapigakura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Kwa hiyo ukiona payoff inateleza kati ya haki na haramu, usidhani ni udhaifu wa Kiingereza peke yake. Maneno ya fedha inayotolewa ili mtu atulie yana tabia hiyo hata kwetu.

Kama habari haijathibitisha kwamba kosa limetendeka, na mwandishi wa Kiingereza ametumia payoff kwa makusudi ili asitamke neno zito zaidi, fuata tahadhari yake. Andika "fedha aliyopewa" au "malipo yanayodaiwa kuwa ya kumnyamazisha", na umwachie msomaji nafasi ileile aliyoachiwa na mwandishi. Hapo, kama ilivyo katika "malipo ya kuvunja mkataba", "malipo" yako ya mwanzo yangefaa, lakini hata hapo hayawezi kusimama peke yake.

Kuna maana nyingine ya kila siku ambayo haimo katika kazi zako tatu lakini utakutana nayo kesho. Waingereza husema juhudi fulani ime-pay off wakimaanisha kwamba imezaa matunda. Kiswahili cha Dar es Salaam kimeshaifanya kazi hii kwa kitenzi kilekile. Tunasema "biashara ya barafu inalipa", "kilimo cha mbogamboga bondeni hakilipi siku hizi", na hakuna anayeuliza inamlipa nani, kwa sababu anayelipa hapo ni kazi yenyewe. Usione haya kuitumia "kulipa" namna hiyo hata katika maandishi rasmi. Inapohitajika nomino, nami napenda "natija", neno la zamani lenye maana ya matokeo mema yanayotokana na jambo. Ndugu yake "tija" tumekwisha kumkabidhi kazi ya kupima uzalishaji, lakini "natija" bado ina nafasi. Inafaa pia katika habari za hadithi na michezo ya kuigiza, ambako payoff ni ile saa ambapo kitu kilichotajwa mapema, tena kwa wepesi, kinarudi na kuonyesha kwa nini kilitajwa.

Sasa tuje kwenye uchumi, ambako neno limepewa mipaka iliyokaza zaidi. Katika nadharia ya michezo, yaani elimu ya jinsi watu wanavyoamua pale uamuzi wa mmoja unapomgusa mwingine, ambayo mwanahisabati John von Neumann na mchumi Oskar Morgenstern waliijengea msingi mpana katika kitabu chao cha mwaka 1944, payoff ni namba inayoonyesha thamani ya tokeo fulani kwa mchezaji fulani. Tazama kwamba kuna vitu viwili hapo. Tokeo ni lile lililotukia. Payoff ni jinsi tokeo hilo linavyomfaa au kumdhuru kila mmoja wa waliohusika, na tokeo moja huweza kuwa na namba mbili tofauti kabisa kwa watu wawili. Mfasiri anayeandika "matokeo" kwa payoff amevichanganya vitu hivi, na jedwali lote linapotea.

Chukua wauzaji wawili wa vitenge wanaopakana Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kila mmoja anaamua asubuhi ama kushikilia bei au kuishusha, na hajui mwenzake ameamua nini. Tuseme wote wakishikilia, kila mmoja anarudi nyumbani na shilingi 60,000. Mmoja akishusha na mwenzake akashikilia, aliyeshusha anapata 80,000 na aliyeshikilia anabaki na 20,000. Wote wakishusha, kila mmoja anapata 40,000. Sasa jiweke mahali pa mmoja wao. Kama mwenzako ameshikilia, wewe ukishusha unapata 80,000 badala ya 60,000; kama ameshusha, nawe ukishusha unapata 40,000 badala ya 20,000. Kwa vyovyote vile unaona heri kushusha, naye anaona vivyo hivyo, na jioni kila mmoja anafunga duka na 40,000 ilhali 60,000 ilikuwa inawezekana kwa wote wawili. Mchezo wenye umbo hili ulibuniwa mwaka 1950 na Merrill Flood na Melvin Dresher wa taasisi ya utafiti ya RAND nchini Marekani, na Albert Tucker akauvika hadithi ya wafungwa wawili ambayo ndiyo maarufu leo. Nguvu yake yote imo katika jambo moja: unachopata wewe kinategemea pia uamuzi wa mtu mwingine, na neno payoff katika jedwali limebeba utegemezi huo.

Kwa nini basi nisikuruhusu kuandika "faida"? Kwanza, payoff inaweza kuwa chini ya sifuri, na "faida ya hasi elfu kumi" ni maneno yanayopingana, kwani Kiswahili tayari kina "hasara" kwa hali hiyo. Pili, faida ni kile kinachobaki baada ya kuondoa gharama, na payoff haiahidi kwamba gharama imeondolewa. Hili la pili ndilo linalowaangusha wanafunzi wa fedha. Fikiria mfanyabiashara anayelipa shilingi 200 kwa kila kilo ili apate haki ya kununua ufuta miezi mitatu baadaye kwa shilingi 3,000 kwa kilo, haki ambayo halazimiki kuitumia. Siku ikifika bei ya soko ikiwa 3,500, haki hiyo inampa 500 kwa kilo, nayo ndiyo payoff. Faida yake ni 300, kwa kuwa alikwisha kutoa 200. Bei ikiwa 2,800 hataitumia haki yake. Payoff ni sifuri, lakini yeye ana hasara ya 200. Mwalimu aliyeandika "faida ni sifuri" katika mfano huo amewadanganya wanafunzi wake bila kukusudia.

Tatu, namba iliyo kwenye jedwali si lazima iwe shilingi. Rudi Mtaa wa Kongo na uchukulie kwamba wale wauzaji wawili ni mtu na shemeji yake, na kwamba waliahidiana mbele ya wazee kutoshusha bei. Atakayeshusha atapata shilingi 80,000 zilezile, lakini atapata pia aibu, na siku ya shughuli ya familia hataweza kumtazama mwenzake usoni. Mchumi anayefanya kazi yake vizuri huiingiza aibu hiyo katika namba, na payoff ya kushusha huenda ikawa ndogo kuliko ya kushikilia. Hapo mchezo umebadilika ingawa fedha haikubadilika. Upatu unaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Wanawake kumi wakichangiana shilingi 50,000 kila mwezi, kila mmoja hutoa jumla ya 500,000 na hupokea 500,000 mara moja, hivyo kwa shilingi hakuna aliyefaidi wala aliyepoteza. Hata hivyo, muulize mama anayetaka kulipa ada ya shule mwezi wa pili kama ni sawa kwake kupokea mwezi wa pili au wa kumi. Thamani anayoiona katika tofauti hiyo ndiyo mchumi anataka kuihesabu.

Kwa sababu hizo, katika somo lako mimi ningetumia "pato". Najua lina ushindani: tunalo "pato la taifa", na wingi wake, "mapato", umeshikwa na serikali na wahasibu kiasi kwamba kila mkazi wa jiji hili akiusikia huwaza kodi. Wengine watapendelea "natija", na sitawapinga, ila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyelifahamu atakuwa na maneno mawili mageni ya kujifunza kwa wakati mmoja. "Pato" linaeleweka mara linaposomwa, linakubali kuwa hasi, na halidai kuwa gharama imeondolewa. Kinga dhidi ya mgongano huo ni kulitumia katika umoja tu na kulifunga kwa mwenyewe kila mara: "pato la muuzaji wa kwanza", "pato la muuzaji wa pili". Jedwali lenyewe liite "jedwali la pato", si "jedwali la mapato".

Ukutane pia na maneno jirani bila kuyachanganya. Muda ambao mtaji uliowekwa unachukua kurudi ni "muda wa kurejesha mtaji", na si payoff. Fedha ambayo kampuni, kama zile zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, huwagawia wanahisa wake ni "gawio". Fedha anayopokea mtu kutoka bima au mfuko wa hifadhi ya jamii ni "fidia" au "mafao", kila moja kwa mahali pake.

Katika kazi yako ya tatu, kabla ya jedwali, weka sentensi moja ya ufafanuzi ambayo pengine haimo katika Kiingereza, kwa kuwa mwandishi wake aliamini wasomaji wanalijua neno. Mimi ningeandika hivi: "Pato ni namba inayoonyesha jinsi tokeo linavyomfaa mchezaji, katika jedwali hili tumeipima kwa shilingi kwa siku, na namba ya kwanza katika kila chumba ni ya muuzaji wa kwanza." Hilo la mpangilio wa namba usilisahau, kwa sababu jedwali lenye namba mbili katika kila chumba halisomeki na mtu asiyejua ipi ni ya nani, hata kama kila neno lililolizunguka limetafsiriwa sawasawa.